Kona ya Mwalimu

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri kusifiwa na wengine nitaota mvi. Mafundi wenzangu wananiita Pimamaji. Nimetandika vigae kwenye mabafu, majiko na korido za watu kwa miaka tisa, na hakuna sakafu yangu hata moja ambayo maji yamegoma kwenda yanakotakiwa. Kazi nilifundishwa na baba yangu, ambaye magoti yake aliyaacha kwenye sakafu za watu, na sasa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha la nyuma, akisikiliza. Nasema akisikiliza kwa sababu fundi vigae hapimi kazi kwa macho peke yake. Anagonga. Kigae kilicholala chote juu ya saruji kinalia kifupi na kizito. Baba husema kimeshiba. Kilichoachiwa nafasi chini kinavuma kama debe, na hicho Baba husema kina njaa.

"Usimwachie mtu sakafu yenye njaa," aliniambia siku ya kwanza aliponipa mwiko. "Hata kama ni maskini. Hata kama ni mbishi. Hata kama ni ndugu yako."

Sasa, mwanamume ninayempenda ni mwalimu wa hesabu. Tulikutana nilipokuwa natengeneza vyoo vya shule yake. Alipita, akasimama, akaniambia nimekosea idadi ya vigae vya ukuta ule. Nikamwambia ahesabu upya. Akahesabu, akakuta aliyekosea ni yeye, akacheka mpaka akaegemea mlango. Mwanamume anayecheka anapokosolewa si wa kumwacha apite hivi hivi, na mimi sikumwacha.

Tatizo lilikuwa mama yake. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, na ingawa amestaafu, mtaa mzima bado unamwita Matroni, tena kwa sauti ya chini. Aliniona mara moja tu, kwenye foleni ya benki, na hakuniangalia uso. Aliniangalia mikono. Jioni yake akamwambia mwanawe, na Mwalimu, ambaye kudanganya hakuwezi hata umfundishe, akaniletea maneno yote kama yalivyotoka.

"Amesema mikono yako imepasuka kama visigino."

"Mh. Na nini kingine?"

"Amesema mwanamke wa kushinda amepiga magoti kwenye saruji atapata wapi mikono ya kushika mtoto."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema mikono hiyo ndiyo iliyonishika mimi." Akainamisha kichwa. "Amesema atakuja kwenu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Atakaa, atakunywa chai, ataangalia. Akirudi ndipo atasema ndiyo au hapana."

"Akisema hapana?"

Mama huyo alimlea peke yake, mtoto mmoja tu, kwa zamu za mchana na za usiku. "Nitakuoa," akasema. "Lakini nitakuwa nimeoa nusu. Sitaki kukudanganya."

Mimi nusu sitaki. Sijawahi kutandika nusu chumba nikaita nimemaliza.

Nikaanza kuwaza tutawakalisha wapi. Sebule yetu ina viti vinne, na mtu wa tano akiingia, wa kwanza anatoka kumpisha. Nyuma ya nyumba kuna bustani ya Mama, maua upande mmoja na mboga upande mwingine, na katikati udongo mtupu ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu. Nikasimama pale nikapima kwa hatua. Saba kwa tano. Nikamwita Mama.

"Hapa pataota kibaraza."

"Kwa hela ipi?" akauliza Mama.

"Kwa hela isiyokuwepo."

Akanitazama. Kisha akaenda chumbani, akainama chini ya kitanda, akaanza kuburuta zile ndoo. Kwa miaka tisa nilikuwa narudi nyumbani na vipande vya vigae, vile ambavyo wenye nyumba huniambia tupa. Ndoo kumi na nne za rangi, zimejaa mpaka juu, na kwa miaka yote hiyo Mama alikuwa akilala juu yake akinung'unika kwamba amezaa mtoto anayeokota makombo. Siku hiyo aliziburuta zote mwenyewe, na hakunung'unika.

Jirani alikuwa amebomoa ukuta wake, nikamwomba kifusi. Akafurahi kwamba nitamsaidia kukiondoa, nami nikafurahi kwamba hakujua nilikuwa tayari kumlipa. Kifusi nikakishindilia kwa gogo, jioni baada ya jioni, nikitoka kazini. Mchanga ulikuja kwa toroli. Saruji nilinunua mifuko mitatu tu, na kila iliyochanganywa ilitumika mpaka kijiko cha mwisho. Nilikuwa nakwangua karai kama mtu anavyokwangua sufuria ya uji. Baba alikuwa dirishani akinipa amri. Mteremko nikauelekeza kwenye mboga za Mama, ili hata mvua iwe na faida.

Na vile vipande! Kijani kilitoka bafuni kwa daktari wa meno. Vyeupe ni vya jiko la hoteli. Vile vya rangi ya udongo vilibaki kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyelia nilipomaliza, akasema hajawahi kuwa na sakafu. Nilivipanga vikashikana, vya wenye nacho na vya wasio nacho, na ungeapa vilizaliwa pamoja. Mwalimu alikuwa anakuja Jumapili kunibebea ndoo za maji. Anakaa kwenye jiwe, ananitazama nikitandika, na nikiinua uso namkuta bado ananitazama.

"Huchoki?" nikamuuliza siku moja.

"Kufanya nini? Sijafanya kitu."

"Kuniangalia."

"Hiyo ndiyo kazi yangu hapa," akasema, nami nikajifanya natafuta mwiko uliokuwa mkononi mwangu.

Wiki ya ugeni ikafika, imebaki kona moja tu, ile ya karibu na maua, pana kama kitanda cha mtu mmoja. Nilipanga kuimaliza Ijumaa. Alhamisi nilikuwa na bafu la mteja upande wa pili wa mji, nikarudi giza limeingia, na Mama akanipokea mlangoni kwa upole ambao ungenishtua kama nisingekuwa nimechoka. Alinipa chakula, akanipa maji ya kuoga, akanifungia mlango wa nyuma eti kuna nyoka ameonekana. Nyoka! Mimi nikalala.

Ijumaa saa tisa mchana nikaingia nyumbani, nikamkuta Mwalimu sebuleni amevaa shati la nyumbani, kucha zimejaa saruji, anatabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Fumba macho," akasema.

Akanishika mkono akaniongoza nje. Nilipofumbua, kona ilikuwa imejaa. Alikuwa ameipanga nyota. Nyota yenye pembe nane, ya vyeupe na kijani, ikizungukwa na vipande vidogo vya rangi ya udongo, na mistari yake imenyooka kama imechorwa kwa rula. Ilikuwa kona nzuri kuliko zote nilizotandika mimi. Nasema ukweli, na kuusema kunaniuma hadi leo.

"Jana shule ilifungwa mapema," akasema. "Nikaona umechoka. Nilikuwa nimeshaichora kwenye karatasi wiki nzima. Mama yako alinisaidia kukuficha."

"Nyoka mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye."

Nikacheka, nikamkumbatia mbele ya wazazi wangu bila haya. Kama ningeishia hapo! Lakini mkono wa fundi hautulii. Nikachuchumaa niiguse ile nyota, na vifundo vya vidole vyangu vikagonga vyenyewe.

Ikavuma.

Nikagonga pembe ya pili. Ikavuma. Ya tatu, ya nne. Katikati ya nyota kulikuwa na sauti ya debe tupu. Nikapitisha ncha ya mwiko chini ya kipande cha pembeni, kikainuka, nikaona alichokifanya: aliweka saruji kidogo kila kona ya kigae na kidogo katikati, kama anayebandika stempu. Wiki zote zile za kunitazama alikuwa ameona mikono na uso. Chini ya kigae hakuwahi kuchungulia.

Nikageuka nikatazama dirishani. Baba alikuwa ameinamia fimbo yake.

"Baba, ulisikia?"

"Nilisikia tangu jana," akasema. "Nikajifanya kiziwi."

"Wewe?"

"Kijana alikuwa anaimba huku anatandika. Ningemwambiaje?" Akakohoa. "Iache, mwanangu. Wageni wa siku moja. Jumapili mtairekebisha."

"Wewe ndiye unayeniambia nimwachie mtu sakafu yenye njaa?"

"Nasema kama baba. Kama fundi sijasema kitu."

Mwalimu alikuwa bado hajaelewa. "Kuna nini? Imepinda?"

"Haijapinda. Haina kitu chini. Mguu wa kiti ukikaa hapa, inapasuka."

"Basi tusiweke kiti hapo."

"Na mtu akikanyaga?"

"Pimamaji, ni siku moja."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoonyesha kwamba hauna mfupa. "Mama yako anakuja kuangalia mikono yangu," nikasema. "Kila kitu kilichopo hapa ni mikono yangu. Atakapokanyaga hapa kikavunjika, atasema mikono iliyopasuka imefanya kazi iliyopasuka. Inatoka. Inatoka sasa hivi."

"Nimepiga magoti hapo kwa saa sita nzima."

"Mimi nimepiga magoti miaka tisa."

"Kwa hiyo kwenye kibaraza hiki hakuna mahali pa mkono wangu?"

"Mkono unapewa mahali ukijua kazi!"

Nilisema hivyo, mbele ya baba yangu, mbele ya mama yangu, kwa mwanamume aliyekuwa na saruji yangu kwenye kucha zake. Nikachukua patasi. Nilipong'oa kipande cha kwanza aliruka kidogo, kana kwamba nimeking'oa mwilini mwake. Alisimama akitazama mpaka nilipofika katikati ya nyota. Ndipo akavaa viatu vyake.

"Kesho nitamleta mama yangu mpaka getini," akasema. "Nilimwahidi, na nimeahidi kwenu. Kuingia mimi, sijui."

"Mwalimu..."

"Hapana. Umesema vizuri. Mimi kazi siijui." Akamwaga Baba kwa heshima, akamwaga Mama, akaondoka. Geti alilifunga taratibu, na afadhali angelibamiza.

Mama alinifuata na kitambaa cha kunifutia uso, akidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimepiga magoti, naosha vipande vyake kimoja kimoja kwenye ndoo. Vyote vilitoka vizima, maana havikuwa vimeshikwa na kitu. Nikatafuta mlango mbovu uliokuwa nyuma ya choo, nikaulaza chini ya ukuta, nikaipanga ile nyota juu yake vile vile alivyoipanga yeye, pembe kwa pembe. Karatasi aliyochorea alikuwa ameisahau kwenye dirisha. Niliihitaji mara moja tu. Mengine nilikuwa nayakumbuka.

Jumamosi niliamka alfajiri. Mwalimu alitumia kidogo, kwa hiyo ilikuwa imebaki saruji ya kutosha kona ile peke yake, si punje zaidi. Nikaichanganya kwenye karai vizuri, laini, bila bonge. Nikanyunyiza maji kwenye pengo. Muda ulikuwepo wa kutosha, na vipande vilikuwa pale kwenye mlango, vimekaa tayari. Nikachota mwiko wa kwanza.

Sikuweza kuuweka chini. Nilikaa na ule mwiko mpaka mkono ukachoka, nikaurudisha kwenye karai. Nikajiambia nitaanza baada ya dakika tano. Jua likapanda juu ya paa. Baba alifungua dirisha, akatazama karai, akanitazama mimi, akafunga dirisha. Mimi, ninayekwangua karai kama sufuria ya uji, nilikaa nikaiangalia saruji ya mwisho ya nyumba yetu ikiganda mbele ya macho yangu.

"Basi funika hilo shimo," Mama akaomba saa nane. "Weka mkeka. Weka ndoo ya maua. Tuonee huruma."

"Sifuniki, Mama."

"Una kiburi cha nani wewe?"

"Cha huyo hapo dirishani."

"Usinitie mimi humo," Baba akajibu kutoka ndani.

Wageni walifika saa kumi kamili. Matroni alitangulia, mwembamba, amenyooka, gauni limepigwa pasi mpaka linakata. Nyuma yake kaka yake, mzee mnene mwenye kicheko cha karibu, na mke wa kaka yake. Mwalimu hakuwepo. Nilitazama nyuma yao mpaka geti likafungwa, nikalitazama hata baada ya kufungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanipa mkono, akaugeuza wangu juu chini, akautazama kiganja, akauachia. "Mwanangu amebaki nje. Anasema ana kitu cha kufikiria."

Tukawakalisha kibarazani. Yule mjomba alizunguka akishangaa. "Haya mazulia au vigae? Nani kawatengenezea?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

Nisijifiche: nilifurahi. Kibaraza kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa, maua ya Mama yamekizunguka, na nikasimama katikati yake nimejaa majivuno. Matroni hakusifu. Alikunywa chai, akaangalia. Aliangalia mteremko, akaangalia maungio, akamwaga tone la chai makusudi akalifuata kwa macho mpaka likaishia kwenye mboga. Halafu akainua kidole.

"Na pale?"

Kila mtu alitazama pengo. Mama akafungua mdomo kusema jambo kuhusu maua. Nikamwahi.

"Pale palitandikwa na mwanao, mama. Nikapabomoa."

Mjomba akakohoa kwenye chai. Matroni akaweka kikombe chini.

"Ulibomoa kazi ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa nzuri kuliko yangu kwa kuitazama. Lakini chini ilikuwa na njaa."

"Njaa?"

Nikachukua kijiko cha chai, nikapiga magoti mbele yake, nikagonga kigae cha miguuni pake. Kifupi, kizito. Kisha nikaokota kipande kilichobaki kwenye ndoo, nikakilaza juu ya vijiwe viwili kama Mwalimu alivyovilaza vyake, nikakigonga. Kikavuma. Matroni aliinamisha kichwa, sikio limeelekea chini, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Nipe hicho kijiko," akasema.

Akainuka, akaanza kugonga. Aligonga mlangoni, akagonga katikati, akagonga pembeni ambapo mafundi wavivu huficha dhambi zao. Alizunguka kibaraza chote ameinama, na gauni lile la pasi. Nilikuwa namfuata kwa macho, si kwa hofu ya vigae, hivyo nilivijua.

"Mgongo wa mgonjwa wa mapafu tunaugonga hivi hivi," akasema hatimaye. "Unasikiliza palipojaa na palipo patupu. Nilifundisha wasichana kazi hiyo miaka mingi, na wengi walikuwa wanagonga bila kusikiliza." Akanirudishia kijiko. "Ungeweza kuweka mkeka pale."

"Ningeweza."

"Mficha uchi hazai," akasema, "na mimi nimezalisha watu miaka thelathini na moja. Hukuficha. Sawa. Lakini tangu jana mpaka sasa, fundi kama wewe, hukupata muda wa kuziba kipande kama hicho?"

Macho yake yakaanza kutafuta jibu yenyewe, yakafika ukutani, kwenye ule mlango mbovu wenye nyota, na kando yake karai. Akaenda. Akaingiza kidole kwenye karai, kikagonga mwamba.

"Hii ni ya leo?"

"Ya alfajiri."

"Mwanangu aliniambia hapa hata punje ya saruji haipotei."

"Haipotei, mama." Nikainamia karai. "Nilishindwa kuiweka. Ile kona ni yake. Nilimwambia hakuna mahali pa mkono wake hapa, na nilikosea. Mahali papo. Pamebaki pale, mnapaona wote. Sitapaziba mimi, hata kibaraza kikae hivyo mpaka nizeeke. Ukisema hapana leo, mama, nitapokea. Ila usiseme hapana kwa ajili ya mikono yangu, maana mikono hii sijawahi kuionea aibu hata siku moja."

Baba aligonga fimbo yake sakafuni mara moja, kule ndani. Ndivyo anavyosifu.

Matroni alikung'uta kidole chake. Alisimama amenyooka, akageukia geti, akatoa sauti ambayo bila shaka ilikuwa ikinyanyua wodi nzima.

"Wewe huko nje! Ingia!"

Geti likafunguka. Mwalimu alikuwa na suruali yake nzuri, nyuma imepakaa vumbi la kijivu, kwa sababu muda wote ule alikuwa amekaa juu ya nusu mfuko wa saruji. Akaubeba begani, akaingia nao, shati jeupe likaharibika mbele ya macho ya mama yake.

"Nilikuja nao," akasema, akiniangalia mimi tu. "Nikafika getini miguu ikakataa. Ulisema mkono unapewa mahali ukijua kazi. Basi nimekuja kujua kazi."

"Nilisema vibaya."

"Ulisema kwa kelele. Vibaya hukusema." Kisha akaona mlango. Akaona nyota yake, nzima, imeoshwa, kila pembe mahali pake. Akautua mfuko polepole. "Hukuivunja?"

"Ningeivunjaje? Nimeilinda tangu jana kama mgonjwa."

Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye pengo, akanyoosha mkono apewe mwiko. Nikapiga magoti pembeni yake. Nikachanganya saruji, nikamwonyesha: tandaza yote, usibakize kona, chora mistari kwa meno ya mwiko, paka na mgongo wa kigae pia, laza, sukuma kidogo, ndipo ugonge kwa nyundo ya mpira. Mkono wake ulikilaza cha kwanza upande. Niliushika kwa juu, mkono wangu uliopasuka juu ya mkono wake wa chaki, tukakisukuma pamoja mpaka saruji ikachungulia pande zote.

"Umeona?" nikamwambia. "Inapotoka pembeni, ujue chini kumejaa."

"Naona."

"Wiki zote zile ulikuwa unaona nini?"

"Wewe unajua nilikuwa naona nini," akasema, na mjomba wake akacheka mpaka kiti kikalia, nami nikainamia saruji kwa sababu uso wangu haukuwa wa kutazamwa.

Tuliipandisha nyota pembe kwa pembe, wageni wamekaa na chai zao, Mama ananipitishia vipande kutoka kwenye mlango, Baba anatoa amri dirishani kana kwamba tunajenga ikulu. Kipande cha mwisho, cha katikati, aliweka Mwalimu peke yake. Mimi niliondoa mikono yangu nikaiweka mapajani.

Matroni alikuja akasimama juu yetu. Aliitazama ile kona muda mrefu. Kisha akainama na kijiko chake cha chai.

"Usigonge!" Baba akapiga kelele kutoka dirishani. "Samahani, Matroni. Kibichi kikishalazwa hakigongwi tena. Ukikigonga sasa kinahama. Mpaka kikauke."

Mkono wa Matroni ukasimama hewani. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumkataza kitu kwa sauti ile.

Akanyooka. Akakifuta kijiko kwa leso yake, akakitia kwenye mkoba wake, kijiko chetu, akaufunga.

"Basi nitarudi Jumamosi ijayo kukigonga," akasema. "Na Jumamosi nyingine baada ya hapo. Nimeona humu kuna chai nzuri." Akanitazama, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza. "Na nikikuta kina njaa?"

Nilisimama, magoti yamejaa saruji, mikono imejaa saruji, mwanawe kando yangu amejaa saruji.

"Hutakuta, mama," nikasema. "Hicho kimeshiba."